UZI: Ukame unaorudi kila miaka michache. Tukubaliane mapema nani afanye nini

LamboJipya (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nimefanya kazi za maji na malisho katika nyanda kame kwa miaka mingi, na kuna jambo linaniuma kila ukame unapoingia. Dalili huwa zinaonekana mapema. Wafugaji huziona kabla ya mtu yeyote: maziwa yanapungua, mbuzi wanarudi zizini jioni matumbo yameingia ndani, foleni ya kisimani inaanza usiku wa manane. Watabiri wa hali ya hewa nao wanakuwa wameshasema. Halafu wiki zinapita. Kijiji kinangoja serikali, serikali inangoja wafadhili, wafadhili wanangoja picha za mizoga. Msaada ukifika, kilichobaki cha kuuza ni ngozi.

Chukueni Somalia. Katika nusu ya pili ya 2010 ilishaonywa kwamba hali ya La Niña, yaani bahari ya Pasifiki kupoa kuliko kawaida, ingeharibu mvua za mwisho wa mwaka. Zikakosekana. Za mwanzo wa 2011 nazo zikawa haba. Njaa ikatangazwa rasmi tarehe 20 Julai 2011. Makadirio yaliyofanywa baadaye yaliweka vifo kwenye watu wapatao 258,000, zaidi ya nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano, na wengi walishazikwa kabla ya tangazo lile. Vita na kufungwa kwa njia za misaada vilichangia sana, hilo halina ubishi. Lakini miezi mingi ya onyo ilipita bila uamuzi wenye uzito wa onyo lenyewe.

Ninacholeta hapa ni hiki: uamuzi wa wakati wa ukame ufanywe mwaka ambao mvua imenyesha, uandikwe, na ufungwe kwenye dalili ambayo kila mtu anaweza kuiona kwa macho yake. Dalili ikitokea, hakuna kuitisha kikao cha kujadili upya. Ni kutekeleza.

Kamati moja ya malisho niliyokaa nayo ilifanya hivyo. Mvua ilikuwa nzuri, watu wameshiba, hakuna aliyekuwa na haraka. Tulikaa kivulini kutwa nzima tukiandika karatasi moja. Mimi nilikuja na milimita za mvua. Mzee mmoja akanyanyuka, akarudi na kamba ya kutekea maji ameifunga mafundo. Akasema: maji yakishuka chini ya fundo la tatu, ng'ombe wote wanaondoka kwenda kwenye malisho ya akiba, hapa wanabaki mbuzi, ndama na watu. Yakishuka chini ya fundo la tano, kila kaya inatoa maksai na majike yaliyoacha kuzaa, yauzwe. Yakipita fundo la saba, kisima cha dharura kinafunguliwa, na mafuta ya pampu yake yawe yameshanunuliwa na kufungiwa stoo. Mbele ya kila fundo tukaandika mtu anayehusika na fedha inakotoka. Milimita zangu nikazifuta, maana hakuna mtu pale ambaye angekuja kuniuliza mimi. Kamba wangeiona kila siku.

Serikali pia zinaweza kufanya kazi kwa mtindo huo. Kenya ilianzisha mamlaka yake ya kusimamia ukame, NDMA, mwaka 2011. Kila mwezi inatoa taarifa za kaunti kame na kusema kila moja iko hatua gani: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, au kurejea hali njema. Kipimo kimojawapo ni ukijani wa mimea unaosomwa na setilaiti. Mpango wa kupeleka fedha kwa kaya maskini za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera umefungwa kwenye kipimo hicho, kwamba ukijani ukishuka chini ya kiwango fulani, kaya nyingine ambazo hazimo kwenye orodha ya kila siku nazo zinapelekewa fedha. Una kasoro zake, lakini uamuzi ulishafanywa kabla.

Karibuni tujadili. Nataka hasa kuwasikia walioishi na ukame wenyewe.

---

FimboNaKibuyu

Mkuu LamboJipya, nimekusoma vizuri, na hiyo kamba nimeipenda. Ila hapo kwenye fundo la tano, kuuza, nakataa.

Kila mradi ukija unatuambia tupunguze mifugo. Hesabu yetu iko hivi. Anayeingia kwenye ukame na ng'ombe sitini anatoka na ishirini. Anayeingia na kumi anatoka na watatu, na kwa watatu huwezi kujenga tena kundi, unakwenda kuwa kibarua mjini. Wingi ndiyo akiba yetu. Halafu nikiuza leo na mvua ikanyesha mwezi ujao, nani atanirudishia mtamba wangu?

---

LamboJipya

Ndugu yangu, hesabu yako ni sahihi na watu wengi wa miradi hawaielewi. Wanaona wingi wa mifugo kama ukaidi. Ni bima ya mtu ambaye hajapewa bima nyingine.

Nisome vizuri kwenye fundo la tano lakini. Sijasema mtamba. Nimesema maksai na majike yaliyoacha kuzaa. Kundi linajengwa upya na majike yenye uwezo wa kuzaa, na ukame unapokolea, maksai mmoja anakula nyasi ambazo zingembakiza hai jike mwenye mimba. Usipomtoa mapema, unawapoteza wote wawili.

Na kuna lingine unalijua kuliko mimi. Ukame ukishakomaa, bei ya ng'ombe inaanguka wiki ileile bei ya nafaka inapopanda. Mnyama aliyekuwa anakununulia magunia kadhaa anakununulia debe. Muda kati ya "bado ana nyama" na "hanyanyuki" ni mfupi sana.

Mwanzoni mwa 2006, eneo la Moyale kusini mwa Ethiopia, wafanyabiashara walikopeshwa na kuunganishwa na wafugaji, wakanunua ng'ombe wapatao 20,000 wakiwa bado na thamani. Kaya zilizouza zilinunua chakula, na sehemu kubwa ya fedha ikaenda kwenye lishe, matibabu na malori ya kupeleka mifugo iliyobaki kwenye malisho mazuri zaidi. Yaani waliuza wachache ili kuokoa kundi. Hilo linahitaji barabara inayopitika na mnunuzi aliyeandaliwa kabla, ndiyo maana nasema makubaliano na wanunuzi nayo yaandikwe mwaka wa mvua.

Swali lako la mvua ikinyesha mwezi ujao ni gumu, sitalikwepa. Itatokea kwamba mmeuza na mvua imekuja. Basi mtakuwa mmepoteza maksai, lakini fedha mnayo. Mkikosea upande wa pili mmepoteza kundi, na fedha hakuna.

---

Ugani_Mkongwe

Nimekuwa afisa ugani karibu maisha yangu yote ya kazi. LamboJipya ametaja "malisho ya akiba" kwa kupita tu, na mimi naona hapo ndipo roho ya jambo ilipo.

Ukame ukija, jibu rahisi la kila mwenye bajeti ni kuchimba kisima kirefu. Kinaonekana, kinapigwa picha. Shida ni mahali kinapochimbwa. Malisho ya akiba yanabaki kuwa akiba kwa sababu hayana maji ya kudumu. Wafugaji wanaingia pale kwa utaratibu, kwa muda, wakitegemea madimbwi ya mvua au maji ya kubeba. Weka kisima cha kudumu katikati yake na umeifuta akiba hiyo. Kundi halitatoka tena, na familia zitajenga.

Nimesimama kwenye kisima cha namna hiyo miaka michache baada ya kuchimbwa. Pampu inafanya kazi vizuri kabisa, maji matamu. Kuzunguka bomba kuna uwanda wa vumbi, hakuna hata jani, na ng'ombe wanakunywa, wanatembea nusu siku kutafuta nyasi, wanarudi kunywa, mpaka miguu inawashinda. Wale ng'ombe walikufa kwa njaa wamesimama pembeni ya maji. Sitasahau.

Kwa hiyo wanaopanga visima wawaulize kwanza wazee wa malisho: hapa tunalisha miezi gani? Pengine jibu sahihi ni kisima kinachofungwa kwa kufuli na kufunguliwa ukame ukifika hatua fulani, au ni lambo dogo linalokauka lenyewe na kuwalazimisha watu kuhama. Lambo kukauka kwa wakati wake si kasoro.

Na akiba inaweza kurudishwa hata ikiwa imeharibika. Shinyanga, Tanzania, eneo lilikuwa limekatwa miti vibaya sana kwa ajili ya kumaliza mbung'o na kupanua mashamba. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulianza 1986, na ulipoacha kutegemea vitalu vya miche peke yake na kurudi kwenye ngitili, yaani sehemu zinazofungwa zisilishwe msimu wa mvua ili nyasi zibaki kwa kiangazi, mamia ya maelfu ya hekta yalirudi kuwa na majani na miti. Sheria ya ngitili ilikuwa ya Wasukuma wenyewe, na walinzi walikuwa wao wenyewe.

---

MamaWaNdoo

Asanteni kaka zangu. Nasoma tangu juu, ng'ombe, ng'ombe, visima vya ng'ombe. Naomba tuongelee ndoo ya nyumbani, kwa sababu ukame ukianza anayeamka saa nane usiku ni mwanamke na binti yake. Binti akikosa shule wiki tatu mfululizo harudi. Hasara hiyo hakuna anayeihesabu pamoja na mizoga.

Mfano ninaoupenda sana uko Brazili, kaskazini mashariki, nyanda kame kabisa. Ukame wa 1877 hadi 1879 uliua watu kwa mamia ya maelfu kule. Kuanzia 2003 mashirika ya kijamii kwa kushirikiana na serikali yakaanza kujenga matangi ya kuvuna maji ya paa, moja kwa kila nyumba, lita 16,000. Maji ya kunywa na kupikia tu, si ya kufulia wala kunyweshea. Familia ya watu watano inaweza kuvuka nayo miezi minane hivi ya kiangazi. Mafundi ni wanavijiji waliofunzwa. Matangi yamepita milioni moja. Ukame mrefu ukarudi kuanzia 2012 ukaendelea miaka kadhaa, mashamba yakaungua, mifugo ikafa, lakini vile vifo vya watu vya zamani havikurudi. Fedha za mafao kwa kaya maskini zilisaidia, na pensheni, sisemi ni matangi peke yake.

Kinachonigusa ni kwamba tangi liko mlangoni. Mwanamke anajua kila asubuhi limebaki maji ya siku ngapi. Hiyo ndiyo kamba yake ya mafundo.

---

LamboJipya

Dada MamaWaNdoo, hapo umenirudisha kwenye mstari, na nakubali. Karatasi yetu ya kamati ilikuwa na wanaume kumi na moja na mama mmoja. Mafundo ya maji ya nyumbani hayakuwamo mpaka yeye aliposema.

Niongeze mabwawa ya mchanga kwa wale wenye mito ya msimu. Ukambani nchini Kenya, hasa Machakos, Makueni na Kitui, yamejengwa kwa wingi. Unajenga ukuta kuvuka mto mkavu, msingi ukikaa juu ya mwamba. Mvua zikija, mto unaleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta, msimu mmoja au kadhaa kutegemea mto. Mchanga uliojaa maji unaweza kubeba robo au zaidi ya ujazo wake kuwa maji, na maji yaliyo chini ya mchanga jua haliyafikii. Ukilinganisha na lambo la wazi, ambalo kwenye joto kali linaweza kupoteza kina cha mita mbili kwa mwaka kwa mvuke peke yake, tofauti ni kubwa. Unachimba kwa mikono, maji yanajaa taratibu, yamechujwa na mchanga.

Onyo langu ni mawili. Msingi usipofika mwambani maji yanapita chini na ukuta unabaki sanamu. Na mchanga wenyewe unatakiwa na wajenzi wa mjini. Malori yakiruhusiwa kuuzoa, mmeuza tangi lenu. Sheria ya kijiji juu ya mchanga iandikwe kabla ukuta haujakauka.

---

Shamba_Kame

Kwa sisi tunaolima: mvua ya nyanda kame mara nyingi si kwamba haitoshi kabisa. Inakuja kwa mpigo mmoja, ardhi imejifunga ganda gumu, maji yanatiririka yote kwenda korongoni. Baada ya siku kumi mmea umenyauka na mtu anasema mvua haikunyesha.

Yacouba Sawadogo, mkulima wa Burkina Faso, aliyefariki Desemba 2023, alianza mapema miaka ya 1980 kuboresha mashimo ya zai. Shimo la upana wa shubiri moja hivi, kina kidogo zaidi ya kiganja, unaweka samadi ndani. Mchwa wanaifuata samadi, wanatoboa ardhi, maji yanapata njia ya kuingia chini. Siri kubwa: alichimba wakati wa kiangazi, jua kali, mvua ikiwa bado mbali. Majirani walimwona amechanganyikiwa. Mvua ya kwanza ikikuta mashimo yapo tayari, tone lake linabaki shambani. Anayesubiri mvua ndipo achimbe ameshapoteza mvua hiyo.

Kazi yake ni ngumu mno, mgongo unajua. Anayekwambia zai ni rahisi hajawahi kuchimba hekta nzima. Ndiyo maana inafaa watu wachimbe kwa kupokezana, shamba la huyu wiki hii, la yule wiki ijayo.

Na visiki. Niger, hasa Maradi na Zinder, ardhi ya kilimo ilionekana tupu lakini mizizi ya miti ilikuwa hai chini. Wakulima waliacha kufyeka machipukizi, wakachagua machache yenye nguvu, wakapogoa mengine. Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alisaidia kueneza njia hiyo tangu miaka ya 1980, na hekta zinazokadiriwa milioni tano zikapata miti bila kupanda mche. Kikwazo cha mwanzo kilikuwa sheria, maana miti ilihesabiwa mali ya serikali, kwa hiyo mkulima alikuwa anang'oa chipukizi lisije likamletea kesi. Sheria ilipolegezwa kivitendo, watu wakaanza kuitunza. Dodoma, Tanzania, njia hiyo wanaiita Kisiki Hai.

---

Tafakuri

Naomba kuuliza kuhusu bima ya mifugo inayotumia setilaiti. Ni kitu cha kweli, au ni cha kwenye semina?

---

LamboJipya

Ni cha kweli, Tafakuri, ila kina mipaka. Ilianza Marsabit Januari 2010. Hakuna mtu anayekuja kuhesabu mizoga. Setilaiti inasoma ukijani wa malisho ya eneo zima, ukishuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, wote waliokata bima eneo hilo wanalipwa. Mwanzoni malipo yalilenga kufidia mifugo iliyokwisha kufa. Baadaye mkataba ulibadilishwa ili fedha itoke mapema, ununue lishe na maji mnyama akiwa bado hai. Badiliko hilo kwangu ndilo la maana zaidi.

Mipaka yake ni kwamba setilaiti inaona kijani, haioni kama kijani hicho kinaliwa. Kichaka cha miiba kisicho na faida nacho ni kijani. Unaweza kupoteza nusu ya kundi na usilipwe kwa sababu eneo kwa jumla lilikuwa juu ya kiwango. Mtu asipoelezwa hilo siku ya kukata bima, atajiona ametapeliwa, na atakuwa na haki ya kukasirika. Mimi siwezi kumshauri mtu aiweke bima badala ya malisho ya akiba. Iwe nyongeza juu ya malisho hayo.

---

FimboNaKibuyu

Nimerudi. Nimewasomea wenzangu uzi huu jana usiku. Kuuza maksai wamekubali kulijadili. Lakini wana hoja mbili.

Kwanza, sisi tukitunza malisho ya akiba, wenzetu wa mbali ambao hawakutunza watakuja na makundi yao. Tuwafukuze? Mwaka mwingine sisi ndio tutakaokwenda kwao.

Pili, hamjagusa siku mvua inaporudi. Kwetu ukame uliopita, ng'ombe wengi walikufa siku mbili za mvua ya kwanza, wakati sisi tunashangilia.

---

Ugani_Mkongwe

La kwanza nalijibu mimi. Msiwafukuze, maana mvua ya nyanda kame inanyesha kwa mabaka, na uhamaji ndio unaowaokoa nyote. Wafuateni sasa hivi, kabla ya shida. Wazee kwa wazee. Mkubaliane wanapita njia ipi, wananywesha siku ipi, wanakaa muda gani, mifugo yao imechanjwa nini. Wageni wanaokuja na makubaliano ni wageni. Wanaokuja bila makubaliano, usiku, na mifugo yenye homa ya mapafu, hapo ndipo damu inamwagika.

---

LamboJipya

La pili umenigusa, kwa sababu nimelishika kwa mikono yangu. Ng'ombe aliyekonda mafuta yote yamekwisha. Mvua ya kwanza inaleta baridi ya usiku, manyoya yameloa, asubuhi amelala na hawezi kuinuka. Watu wanne mnamnyanyua, wawili mbavuni, mmoja mkiani, mmoja kichwani, anasimama anatetemeka, mkimwachia anaanguka. Mnarudia. Jua likichomoza mnajua kama amepona.

Kwa hiyo karatasi yenu iwe na mstari wa mvua kurudi. Dawa ya minyoo na chanjo zitolewe mapema, mifugo ikiwa bado na nguvu. Marobota ya nyasi kavu yabakizwe ya siku kumi hadi kumi na nne baada ya mvua ya kwanza, yasiguswe kabla, maana nyasi changa ni maji matupu na zinaharisha tumbo lililokaa na njaa. Na wale dhaifu wapate kibanda cha kukinga upepo, hata cha matawi.

---

FimboNaKibuyu

Hilo la marobota hatukulijua. Tutaliandika. Sasa hiyo kamba, fundo na fundo mliacha umbali gani?

---

LamboJipya

Dhiraa moja, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, mkono wa mtu mmoja huyohuyo. Lakini msichukue namba zetu za fundo la tatu na la tano, kisima chenu kina tabia yake. Anzeni kupima sasa kikiwa kimejaa, kila Ijumaa kabla foleni haijaanza, andikeni tarehe na fundo. Waulizeni wanaoteka maji ukame uliopita yalikuwa yamefika wapi ng'ombe wa kwanza alipoanguka. Kisha rudini juu mafundo mawili kutoka hapo, na hilo liwe fundo lenu la kuhama.

---

MamaWaNdoo

Na anayepima awe mmoja wa wanaoteka.